Tuba ya nani? Wapigaji mashuhuri na madubwana waliyoyabeba

Mpiga fidla akihama Tokyo kwenda Vienna, anafunga ala yake kwenye sanduku na wiki inayofuata yuko kazini. Nyuzi ni zile zile nne, vidole vinakwenda pale pale. Mpiga tuba hana raha hiyo. Akitoka Chicago kwenda Berlin atawakuta wenzake na ala yenye bomba la urefu mwingine, vali za aina nyingine na mpangilio mwingine wa vidole. Akipita Manchester ataona ya tatu. Na kama angefika Paris mwaka 1930, angekabidhiwa kiala kidogo ambacho leo wengi wangedhani ni cha mtoto anayejifunza. Zote zinaitwa tuba, zote zinakaa mstari wa chini kabisa wa kundi la shaba, na mtunzi wa muziki mara nyingi hasemi anaitaka ipi.

Ndiyo maana orodha za wapiga tuba bora wa dunia hazimsaidii sana msomaji. Jina la mpigaji bila ala yake ni nusu ya habari. Tuba haikuwahi kuwekewa kipimo kimoja kinachokubalika kote, kwa hiyo historia yake imeandikwa na watu wachache na mabomba waliyoyakumbatia.

Kwanza tujue kwamba ni ala changa. Mozart na Beethoven hawakuiandikia noti hata moja, kwa sababu haikuwapo. Hataza yake ilitolewa na serikali ya Prussia tarehe 12 Septemba 1835 kwa watu wawili wa Berlin: Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, na fundi wa ala Johann Gottfried Moritz. Waliyoisajili ilikuwa tuba ya F yenye vali 5. Kabla ya hapo kazi ya besi ilifanywa na serpenti, bomba la mbao lililopindapinda na kuvikwa ngozi, na baadaye ofikleidi, ala ya shaba yenye vifuniko vya kubonyeza kama vya saksafoni, iliyopata hataza Ufaransa mwaka 1821. Mtunzi Berlioz aliziandikia zote mbili mwaka 1830 katika simfonia yake ya kwanza, na tuba ilipotokea akaipokea kwa mikono miwili. Wieprecht alikuwa mtu wa gwaride. Alitaka besi itakayosikika uwanjani bila kuta wala dari ya kuisaidia, na nguvu hiyo haijaitoka tuba mpaka leo, hata ikichezwa ndani ya ukumbi wenye mazulia.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe, maana bila hilo majina yanayofuata hayatakuwa na maana.

Tuba ni bomba linaloanza jembamba na kuendelea kupanuka mpaka kwenye mdomo wake mkubwa. Urefu wa bomba ndio unaoamua ala ni ya sauti gani, na herufi hutaja sauti hiyo ya msingi; bapa maana yake imeshushwa nusu toni. Tuba ya F ina kama mita 3.7 za bomba, ya E-bapa kama mita 4, ya C karibu mita 4.9, na ya B-bapa karibu mita 5.5. Hizo ndizo familia nne zinazotumika hadi sasa: mbili fupi huitwa tuba za besi, mbili ndefu huitwa kontrabesi. Fupi hupanda juu kwa urahisi na hukimbia haraka. Ndefu zina kina na uzito, lakini kuzirusha juu ni kutafuta ajali, kwa kuwa huko juu noti zinakaa karibu karibu na mdomo ukikosea kidogo tu unaangukia noti ya jirani.

Halafu kuna vali. Vali hufungua kipande cha bomba cha ziada ili ala irefuke na sauti ishuke. Vali ya pili hushusha nusu toni moja, ya kwanza mbili, ya tatu tatu. Inaonekana rahisi mpaka ubonyeze mbili kwa pamoja. Chukua tuba ya B-bapa ya mita 5.5. Ili ishuke nusu toni mbili inahitaji bomba la ziada la kama sentimita 67, na ili ishuke tatu inahitaji sentimita 104. Ukibonyeza vali ya kwanza na ya tatu pamoja unapata sentimita 171. Lakini kushuka nusu toni tano kutoka mwanzo kunahitaji sentimita 184. Zimepungua 13, na noti inatoka juu kuliko inavyotakiwa. Bonyeza zote tatu upungufu unafika karibu sentimita 24. Tarumbeta ina ugonjwa huo huo, ila bomba lake ni fupi, hivyo kosa hupimwa kwa sentimita chache na kidole kimoja kinalirekebisha. Kwenye tuba kosa linakuwa kubwa kwa sababu ala yenyewe ni kubwa.

Mafundi walileta dawa za namna tatu. Wengine waliongeza vali: ya nne, ya tano, hata ya sita. Waingereza walishika mfumo wa David Blaikley, aliyefanya kazi na kampuni ya Boosey ya London na kupata hataza mwaka 1874. Katika mfumo wake, vali ya mwisho ikibonyezwa hewa hurudishwa mara ya pili kupitia vali nyingine na kuokota vipande vidogo vilivyopungua. Na Wamarekani wengi waliona kuwa mkono wa kushoto hauna kazi, basi uvute na kusukuma mrija wa vali ya kwanza wakati muziki unaendelea. Ukimtazama mpiga tuba wa okestra ya Marekani kwa karibu utauona mkono huo ukipanda na kushuka juu ya ala kila mara. Kila dawa ina mashabiki wake, na hapo ndipo nchi zilipoachana njia.

Ujerumani walibaki na vali za kuzunguka, zinazogeuka ndani ya kasha lake badala ya kupanda na kushuka kama pistoni. Mpigaji wa okestra huko huwa na tuba ya F kwa kazi nyingi na B-bapa kubwa kwa zile za kina. Vienna walikuwa na yao ya F yenye vali 6, ambayo ukijifunza vidole vyake haikusaidii popote nje ya mji huo. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tuba ya okestra ilikuwa ya C, lakini C ndogo, bomba lake nusu tu ya ile ya C ya Marekani, na vali 6 za kuisaidia ifike chini. Ravel alipoipangia okestra kazi ya piano ya Mussorgsky mwaka 1922, alimwandikia mpiga tuba wimbo wa peke yake katika sehemu inayochora mkokoteni wa ng'ombe. Wimbo huo uko juu sana. Kwa Mfaransa wa wakati huo mwenye kiala chake lilikuwa jambo la kawaida. Kwa mtu mwenye kontrabesi ni mateso, na okestra nyingi leo humpa sehemu hiyo mtu wa yufoniamu, ndugu mdogo wa tuba. Kizazi baada ya kizazi cha wapiga tuba wameonekana dhaifu mbele ya ukurasa huo, wakati kosa ni la kuwapa ala ambayo Ravel hakuifikiria.

Na kabla hatujavuka bahari: ile inayoitwa tuba ya Wagner iweke kando. Aliitaka kwa ajili ya opera zake, na wanaoipiga ni wapiga honi, kwa kipulizio cha honi. Jina tu ndilo linalowachanganya watu.

Uingereza, okestra zilishika kwa muda mrefu tuba ya F, huku bendi za shaba za migodini, viwandani na za Jeshi la Wokovu zikitumia E-bapa na B-bapa. Dunia hizo mbili zilikutana kwa Philip Catelinet, mtu wa Jeshi la Wokovu aliyekuwa pia mpiga piano na yufoniamu. Tarehe 13 Juni 1954, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, akiwa na okestra ya London Symphony chini ya John Barbirolli, alipiga kwa mara ya kwanza konseto ya tuba ya Ralph Vaughan Williams. Mtunzi alikuwa na miaka 81. Kabla yake hakuna mtunzi wa hadhi hiyo aliyekuwa ameikalisha tuba mbele ya okestra nzima na kuiachia wimbo mtamu wa taratibu katikati. Kazi hiyo ikawa mtihani: mpaka leo anayeomba kazi ya tuba mara nyingi huombwa aipige.

Aliyeigeuza Uingereza hasa ni John Fletcher, kijana wa Leeds aliyesoma sayansi Cambridge kabla ya kuingia kwenye muziki moja kwa moja. Alikaa London Symphony kuanzia 1968, akapiga na kundi la shaba la Philip Jones, na akafa mapema, mwaka 1987, akiwa na miaka 46. Fletcher alichukua E-bapa ya bendi za shaba, ile yenye mfumo wa Blaikley ambayo watu wa okestra walikuwa wakiidharau, akaipeleka kwenye jukwaa kubwa. Alipoonyesha kwamba inaweza kuimba juu na kunguruma chini bila kubadilisha ala, F ya zamani ikaanza kupotea. Wapiga tuba wa Uingereza walio wengi wanaitumia E-bapa hata sasa. Kwangu mimi huo ndio mfano safi zaidi wa mtu mmoja kuhamisha nchi nzima.

Urithi huo wa Kiingereza tunao hata huku kwetu. Kenya, hasa magharibi, Jeshi la Wokovu lina bendi zake za shaba, na besi zake zinafuata mpango wa Uingereza: E-bapa na B-bapa. Katika mpango huo mpiga besi husoma noti kwa ufunguo wa juu, ule wa tarumbeta, ili mtu aweze kuhama kutoka ala moja hadi nyingine bila kujifunza vidole upya. Ni busara kubwa kwa kanisa lenye vijana wengi na ala chache. Ila kijana huyo huyo akialikwa kwenye okestra anakuta karatasi imeandikwa kwa ufunguo wa besi, na kwa muda anakuwa kama hajui kusoma.

Marekani ni habari ndefu, na inaanzia barabarani. John Philip Sousa aliongoza bendi ya wanamaji wa Marekani hadi 1892, kisha akaunda bendi yake mwenyewe. Hakuridhika na helikoni, tuba ya duara inayovaliwa begani, kwa sababu sauti yake ilikuwa inamlenga msikilizaji moja kwa moja. Alitaka besi ipande juu na kuimwagikia bendi nzima. J. W. Pepper wa Philadelphia akatengeneza ya kwanza mwaka 1893, kampuni ya Conn ikafuata mwaka 1898, na ya Conn ikavaliwa katika bendi ya Sousa na Herman Conrad. Mdomo wake ulitazama mbinguni, ndiyo maana watu waliitania kuwa ni ya kukingia mvua. Susafoni tunayoijua, yenye mdomo unaotazama mbele, ilikuja baadaye, 1908, na kwa kejeli ya historia inafanya kile kile ambacho Sousa alikuwa anakikimbia.

Katika bendi hiyo ya Sousa aliingia mwaka 1921 kijana wa miaka 18 aitwaye William Bell. Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902. Kutoka kwa Sousa alikwenda okestra ya Cincinnati, kisha mwaka 1937 akachukuliwa kwenye okestra ya redio ya NBC aliyoundiwa kiongozi wa okestra Toscanini, na mwaka 1943 akaingia New York Philharmonic. Ukifuata nyayo za wapiga tuba wengi wa Marekani wa nusu ya pili ya karne ya 20, utajikuta kwenye mlango wa darasa la Bell. Bill Barber, aliyepiga tuba katika rekodi za Miles Davis za 1949 na 1950, alikuwa mwanafunzi wake. Don Butterfield wa jazi pia. Na Harvey Phillips.

Phillips, kijana wa Missouri, alianza kwenye bendi za sarakasi, ambako mpiga tuba hupiga saa nyingi mfululizo huku akiwa na jicho moja kwa farasi na tembo. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa New York Brass Quintet, na kundi hilo lilifanya watu waone kwamba watu watano wa shaba wanaweza kukaa chumbani na kupiga muziki wa kusikilizwa kwa makini, tuba ikiwa sauti kamili miongoni mwao. Bell alipofariki mwaka 1971, Phillips ndiye aliyeshika darasa lake Chuo Kikuu cha Indiana. Krismasi ya 1974 aliwaita wapiga tuba na yufoniamu katika uwanja wa barafu wa Rockefeller Center, New York, wampigie marehemu nyimbo za Noeli. Walikuja kama 300. Mkusanyiko huo umeendelea kila mwaka na kuenea miji mingi, na ni furaha ya ajabu kusikia nyimbo hizo zikitoka chini kabisa bila tarumbeta hata moja.

Lakini ala mashuhuri kuliko zote ni ile ya Arnold Jacobs, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Leopold Stokowski, kiongozi wa okestra ya Philadelphia, alitaka besi yenye sauti pana kama ya kinanda cha kanisani. Kampuni ya York ya Grand Rapids, Michigan, ikatengeneza tuba za C kubwa mno, zenye vali 4 za pistoni na ya tano ya kuzunguka. Mlengwa alikuwa Philip Donatelli, mpiga tuba wa okestra hiyo. Inasimuliwa kwamba Donatelli alikuwa mtu wa kitambi, na bomba la kipulizio lilikaa mahali pasipomfaa: kila akivuta pumzi tumbo liliisukuma ala mbali na mdomo wake. Akaiuza kwa mwanafunzi wake wa chuo cha muziki cha Curtis, kijana Jacobs, kwa dola 175, zikalipwa kidogo kidogo.

Jacobs alizaliwa 1915 na kuingia Curtis akiwa na miaka 15. Alipita Indianapolis, akapita Pittsburgh, na mwaka 1944 akaingia Chicago Symphony, akakaa hapo hadi 1988. Miaka 44 kwenye kiti kimoja. Shaba za Chicago zikawa gumzo la dunia, na chini yake ilikuwapo York hiyo. Kilichowashangaza watu ni kwamba mwenye sauti hiyo hakuwa na mapafu ya kujivunia. Alikuwa na pumu. Hewa yake ilikuwa haba kwa ala inayokula hewa kuliko zote, naye akageuka mtafiti wa kupumua: alisoma namna misuli ya kifua inavyofanya kazi, akajaza chumba chake cha kufundishia katika jengo la Fine Arts, Chicago, vipimo vya hospitali na vimipira vya kupuliza, na akawapokea wapiga filimbi, waimbaji na watu wa pembe za kila aina. Mafundisho yake aliyaita wimbo na upepo. Wimbo kwanza: usikie kichwani unachotaka kitoke, kisha hewa ikifuate. Alisisitiza kwamba anayejitazama misuli wakati anapiga atajikaza, na aliyejikaza hana hewa.

York ya pili ya aina hiyo ilipatikana baadaye, nayo ikaishia mikononi mwa Jacobs. Zote mbili sasa ni mali ya okestra ya Chicago, na aliyemrithi mwaka 1989, Gene Pokorny, amezitumia. Kiwanda cha York chenyewe hakipo tena. Basi mafundi wakaanza kuja na vipimo: Hirsbrunner wa Uswisi walitoa nakala, Yamaha wa Japani wakatoa yao, na wengine baada yao. Leo okestra nyingi za Marekani zina mtu mwenye dubwana la C lililozaliwa kutokana na bomba ambalo Donatelli alilikataa kwa sababu ya tumbo.

Hapa lazima nitoe maoni. Katika mazungumzo ya wapiga tuba kuna imani kwamba ndani ya York ile kuna siri ya shaba, kipimo fulani ambacho kikinakiliwa sawasawa kitamfanya yeyote asikike kama Jacobs. Sikubaliani. Ni ala nzuri, hilo halina ubishi. Lakini ukubwa huo unamfaa mtu wa okestra yenye shaba kali na ukumbi mkubwa, na kwa wengine ni mzigo. Hata vile vipimo vya madukani, vya nne kwa nne, tano kwa nne na sita kwa nne, visikudanganye. Havina rula nyuma yake. Kila kiwanda kinaamua chenyewe ni ipi kubwa, na sita kwa nne ya huyu inaweza kukaribia tano kwa nne ya yule. Wanaotumia mshahara wa miezi mingi kuifukuza York wangefanya vyema kuanza na upande wa upepo, ambao ni bure.

Pwani ya magharibi ya Marekani watu walikuwa na masikio tofauti. Roger Bobo, aliyezaliwa 1938, alitoa mwaka 1961 tamasha la tuba peke yake katika ukumbi mdogo wa Carnegie, New York, jambo ambalo hakuna mpiga tuba aliyelifanya hapo kabla yake. Alipita Amsterdam, kisha akakaa Los Angeles Philharmonic toka 1964 hadi 1989. Hakufuata pistoni kubwa za mashariki. Alipata jina akiwa na tuba za Miraphone za Ujerumani, zenye vali za kuzunguka, na sauti yake ilikuwa nyembamba zaidi, yenye makali na kasi. William Kraft alimwandikia kazi ya tuba isiyo na ala nyingine ya kuisindikiza, iliyojaa miruko ambayo wengi waliiona haipigiki. Bobo aliipiga.

Rafiki yake wa Los Angeles, Tommy Johnson, hakukaa kwenye okestra maarufu, lakini sauti yake pengine imesikiwa na watu wengi kuliko ya mpiga tuba mwingine yeyote. Mwaka 1975 mtunzi John Williams alimwita studio kupiga wimbo wa samaki papa katika filamu ya Jaws. Sehemu iko juu, karibu na eneo la honi. Johnson alieleza baadaye kwamba alimuuliza Williams kwa nini asimpe mtu wa honi, na Williams akajibu kuwa alitaka kitu cha kutisha kidogo zaidi. Hiyo ndiyo siri yenyewe: tuba iliyopandishwa juu inasikika kama kitu kikubwa kinachojizuia.

Kwenye jazi tuba ilianza kama mfanyakazi wa kawaida, ikafukuzwa na besi ya nyuzi miaka ya 1920 na 1930, kisha ikarudi kwa mlango mwingine. Barber nimemtaja. Ray Draper alirekodi na John Coltrane mwaka 1957 akiwa na miaka 17. Howard Johnson, aliyefariki 2021, alishika pia saksafoni ya baritoni, na kwenye tuba ya F alipanda juu hadi msikilizaji anatafuta tromboni iko wapi. Kundi lake la Gravity lilikuwa na tuba sita mbele na watu wa mdundo nyuma. Aliposikika na mwanamuziki wa bluzi Taj Mahal, wasikilizaji wa bluzi waligundua kwamba besi inaweza pia kuvuta pumzi.

Na barabara haikuisahau. New Orleans, Kirk Joseph wa Dirty Dozen Brass Band, kundi lililoanza 1977, aliacha ule mdundo wa hatua mbili wa maandamano ya zamani na kuifanya susafoni itembee kama gitaa la besi la fanki. Philip Frazier wa Rebirth, walioanza 1983, akaiongezea uzito, na tangu hapo besi ndiyo inayoanzisha wimbo huku wengine wakisubiri kuitambua. London, Theon Cross, aliyepiga na kundi la Sons of Kemet, amefanya hivyo hivyo kwa midundo ya Karibi. Chanzo cha yote hayo ni bendi ya jeshi iliyochukuliwa na raia na kugeuzwa ngoma. Watu wa pwani yetu wanalifahamu jambo hilo vizuri, kwa kuwa beni ilizaliwa namna hiyo mwishoni mwa karne ya 19, na matarumbeta yanayozunguka Dar es Salaam nyuma ya gari la maharusi ni ndugu wa damu wa maandamano ya New Orleans. Mwenye besi begani mwake ndiye anayeamua kama watu watacheza au watatazama.

Wanawake walichelewa kupata kiti, na si kwa kukosa uwezo. Constance Weldon alipiga na Boston Pops mwaka 1955, mwanzo kabisa wa njia hiyo katika okestra kubwa za Marekani. Ikachukua nusu karne mpaka Carol Jantsch, mwaka 2006, akiwa na miaka 20 na hajamaliza shahada yake Michigan, awashinde karibu washindani 200 na kuwa mpiga tuba mkuu wa okestra ya Philadelphia, okestra ile ile ambayo York ilitengenezewa. Umbo la mwili lilikuwa kisingizio cha siku nyingi. Lakini ala hukalishwa kwenye mapaja au kwenye kigoda, kifua hakihitaji kuwa cha pipa, na Jacobs mwenye pumu alikuwa ameshalimaliza suala hilo miaka mingi kabla.

Øystein Baadsvik wa Norway ndiye aliyechukua njia ya pekee zaidi. Baada ya kushinda tuzo Geneva mwaka 1991 aliamua kuishi kwa kupiga mbele ya okestra, bila kukaa ndani ya okestra yoyote. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufuata shule ya Berlin wala ya Chicago. Alichagua E-bapa, ambayo Wajerumani hawaitumii katika okestra zao, na kiwanda cha Kijerumani cha Miraphone kikakaa naye kuitengeneza upya kwa ajili yake. Mtu yeyote anaweza kuiagiza sasa. Iko kwenye orodha yao kwa jina la Norwegian Star.